KUTOKA "SHAURI YAKO" HADI KUSHAURIANA: Tahakiki ya Utamaduni wa Ushauri wa Kitaaluma Vyuoni

Utangulizi

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Safari hii naomba ruhusa yenu nihakiki jambo ambalo halijachapishwa kitabuni lakini tunaishi nalo kila muhula: namna tunavyowashauri wanafunzi wetu kuhusu masomo yao. Nauita utamaduni kwa makusudi. Kanuni za ushauri wa kitaaluma zimo katika vitabu vya vyuo vingi vya kanda yetu. Fomu zake zipo. Orodha za majina ya washauri hubandikwa ubaoni mwanzoni mwa mwaka. Kinachokosekana ni mazoea, na mazoea hayaundwi kwa waraka.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba ushauri wa kitaaluma ni sehemu ya ufundishaji. Chuo kinachouchukulia kuwa ni kazi ya pembeni, inayofanywa mtu akipata nafasi, huwapoteza wanafunzi ambao wangeweza kufaulu. Nitaanza na lugha, kwa sababu sisi ni watu wa lugha. Kisha nitaangalia kwa nini mfumo wetu wa masomo unamdai mshauri, nitatoa mfano mmoja wa hapa Rwanda, nitajibu hoja za wanaopinga, na mwisho nitapendekeza mambo machache yanayowezekana ndani ya idara.

Shauri lina maana ngapi?

Neno ushauri limetokana na shauri, ambalo asili yake ni Kiarabu. Kwanza, shauri ni rai au nasaha anayopewa mtu. Pili, shauri ni jambo lililoletwa mbele ya watu ili liamuliwe, hasa kesi: mahakamani shauri hufunguliwa, husikilizwa na kutolewa hukumu. Tatu, kukata shauri ni kuamua. Nne, ipo ile maana inayosikika zaidi mitaani, hapa Biryogo na Nyamirambo kama ilivyo Kariakoo na Mombasa: "shauri yako!" Wanasarufi watatukumbusha kwamba upatanisho sahihi ni "shauri lako", lakini mtaa umeshakata shauri lake. Maana yake inaeleweka na wote: utajua mwenyewe, mimi simo.

Maana hizi nne zinatupatia kipimo kizuri. Mwanafunzi anapobisha hodi kwenye ofisi ya mshauri wake, hukutana na shauri la aina gani?

Mara nyingi hukutana na la pili. Hupokewa kama mshtakiwa. "Kwa nini umeanguka moduli mbili? Ulikuwa wapi?" Mwanafunzi hujitetea, mwalimu huamua, na kikao hufungwa. Wakati mwingine hukutana na la nne: "Kanuni ziko ubaoni, nenda kasome." Hakuna aliyemtukana, lakini anatoka akiwa na swali lilelile aliloingia nalo. Rai yenyewe huipata mara chache. Na kule kukata shauri, ambako ndiko kiini cha jambo lote, hufanyika mahali pengine kabisa: kwenye foleni ya chakula, kwenye basi la kurudi mjini, au kwa mwanafunzi mwenzake ambaye naye hakuwahi kushauriwa.

Tutazame pia Kinyarwanda, lugha ambayo wengi wa wanafunzi wetu wamelelewa nayo. Mtu anayetafuta ushauri hugisha inama, na anayetoa hugira inama. Neno hilohilo inama ndilo linalotaja mkutano. Watu wanapokaa pamoja kutafakari jambo husemwa kwamba bajya inama, na hapo ndipo lilipotoka neno umujyanama, yaani mshauri. Kwa mujibu wa neno lenyewe, umujyanama ni mtu anayeingia pamoja nawe katika inama. Ndiyo maana wahenga wa nchi hii walisema: Abajya inama Imana irabasanga. Wanaokaa pamoja wakashauriana, Mungu huwakuta hapo.

Kiswahili hakikupungukiwa. Tunacho kiambishi cha kutendana. Kushauri ni kitendo kinachotoka upande mmoja kwenda wa pili. Kushauriana kunawataka wawili. Nadhani ugonjwa wa ushauri vyuoni unaweza kuelezwa kwa silabi hizo za mwisho: tumebaki kwenye kushauri, tena kwa nadra, na kushauriana hatujakufikia.

Mshauri, mlezi na msimamizi

Kabla ya kuendelea, inafaa kutenganisha istilahi, kwa maana mchanganyiko wa majina huzaa mchanganyiko wa kazi.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine vya Tanzania, cheo cha Mshauri wa Wanafunzi ni cha kiongozi anayeshughulikia ustawi wa wanafunzi kwa jumla: malazi, nidhamu, afya, serikali ya wanafunzi. Mshauri nasaha ni mtaalamu anayewasaidia watu wenye msongo wa mawazo, huzuni au majeraha ya moyo. Msimamizi ni mwalimu anayeongoza utafiti na uandishi wa tasnifu. Mshauri wa kitaaluma ni mwingine tena. Kazi yake ni kumsaidia mwanafunzi kupanga safari yake ya masomo: achukue moduli zipi, kwa mpangilio upi, afanye nini anapoyumba, na masomo hayo yanampeleka wapi.

Pasipo mipaka hii, mambo mawili hutokea. Mwanafunzi aliyeshindwa moduli kwa sababu hajui kuandika insha ya kitaaluma hupelekwa kwa mshauri nasaha, ambaye hana la kumfundisha. Na mwanafunzi aliyefiwa, anayelala saa mbili usiku kucha, huambiwa na mhadhiri wake aongeze bidii. Mshauri mzuri wa kitaaluma hahitaji kuwa mganga wa kila maradhi. Anahitaji kujua mlango wa kumwelekeza mtu, na kumfuatilia ili ajue kama kweli alifika.

Mfumo wa moduli unamdai mshauri

Wapo wanaouliza: mbona zamani watu walisoma bila haya yote? Swali hili lina jibu la kihistoria.

Vyuo vikuu vya kwanza vya Afrika Mashariki vilirithi mfumo wa Kiingereza. Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilifungamana na Chuo Kikuu cha London kuanzia mwaka 1949 hadi kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wachache kiasi cha kujuana na walimu wao, waliishi katika mabweni yenye walezi, na kozi ilikuwa imepangwa tangu mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na mengi ya kuchagua. Hapa kwetu, chuo cha Butare kilichofunguliwa mwaka 1963 kilifuata zaidi mapokeo ya Kifaransa, ambamo mwanafunzi hufaulu mwaka au huurudia.

Mfumo wa kuchagua masomo ulikulia Marekani. Charles Eliot, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia mwaka 1869, ndiye aliyeupa nguvu: mwanafunzi apewe uhuru wa kuchagua kozi zake. Haikuchukua muda mrefu ikaonekana kwamba uhuru wa kuchagua bila mtu wa kuzungumza naye ni sawa na kupelekwa sokoni bila kujua bei. Washauri wakaanza kuteuliwa miongoni mwa walimu. Mwaka 1972 mtaalamu mmoja wa nchi hiyo, Burns Crookston, alitofautisha aina mbili za ushauri. Ya kwanza ni kama ya daktari na mgonjwa: mmoja anaandika dawa, mwingine anameza. Ya pili ni ile ambayo mwanafunzi na mwalimu hujadili malengo, hugawana wajibu na kujifunza pamoja. Aliita kazi hii ufundishaji. Msomaji ataona kwamba tofauti aliyoileta kwa maelezo marefu, sisi tunayo tayari ndani ya vitenzi kushauri na kushauriana.

Rwanda iliingia katika mfumo wa moduli na krediti kwa kasi. Mwongozo wa kitaifa wa sifa za elimu ya juu wa mwaka 2007 ulihesabu krediti moja kuwa sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa masomo kuwa krediti 120. Hiyo ni kazi ya saa 1,200 kwa mwaka. Shahada ya kwanza ya miaka minne inakuwa na krediti 480. Mwaka uleule wa 2007 nchi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na wanafunzi waliosoma kwa Kifaransa wakajikuta wanabadilisha lugha wakiwa njiani. Mwaka 2013 taasisi za umma za elimu ya juu, zikiwemo chuo cha Butare, KIST na KIE, ziliunganishwa zikawa Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi, na somo letu likapata sura mpya.

Kila badiliko hapo lilikuwa na sababu zake, na si lengo langu kuyahukumu. Ninachosema ni kwamba kila moja liliongeza maswali ambayo mwanafunzi hawezi kuyajibu peke yake. Tulilichukua jahazi la moduli tukaacha usukani wake ufukweni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameshindwa moduli ya fonolojia yenye krediti 10. Kwake yeye hiyo ni alama moja mbaya kati ya nyingi nzuri, kwa hiyo anaiacha kiporo. Mwaka wa pili anachukua mofolojia na kuteseka, kwa sababu mabadiliko ya sauti katika mofimu yalifundishwa kule alikoanguka. Sasa viporo ni viwili. Mwaka wa tatu ratiba ya moduli ya kwanza inagongana na ya mazoezi ya kufundisha. Mwaka wa nne wenzake wanapima majoho, yeye anaambiwa ana upungufu wa krediti 20. Mkopo wake wa masomo ulipangwa kwa miaka maalumu. Mzazi wake, ambaye pengine aliuza mbuzi ili mtoto apate nauli na sare ya mahafali, haelewi krediti ni nini. Anaelewa tu kwamba mtoto hamalizi.

Katika mfano huu hakuna mtu mwovu. Kuna mazungumzo ya dakika 15 ambayo hayakufanyika katika mwaka wa kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa na mwanafunzi kwa fedha asizokuwa nazo.

Wanafunzi walioanzisha inama yao wenyewe

Nikitafuta katika historia ya vyuo vyetu mahali ambapo kushauriana kulifanyika kwa dhati, macho yangu yanakwenda Butare, katikati ya miaka ya tisini.

Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa upya mwaka 1995, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Walimu wengi walikuwa wameuawa. Miongoni mwa wanafunzi walikuwamo manusura ambao hawakubakiwa na baba, mama, shangazi wala kaka wa kuwauliza neno. Mwezi Oktoba 1996 wanafunzi 12 walianzisha chama kilichokuja kujulikana kama AERG, chama cha wanafunzi manusura wa mauaji ya kimbari. Jambo lililokitambulisha zaidi chama hicho ni kuunda familia. Wanafunzi walijigawa katika makundi, wakamchagua baba na mama miongoni mwao, na waliobaki wakawa watoto na ndugu. Baba wa familia angeweza kuwa na miaka 24 na mtoto wake miaka 22.

Familia hizo zilifanya yale ambayo familia hufanya. Mtu hakuonekana darasani, aliulizwa. Alipougua, alitembelewa. Matokeo yalipotoka, kulikuwa na mtu wa kuyaonyesha. Likizo ilipofika, kulikuwa na mtu wa kuuliza: unakwenda wapi? Siku ya mahafali kulikuwa na watu wa kupiga vigelegele. Utaratibu huo ulienea katika vyuo na shule nyingine nchini.

Hapa tuwe waangalifu. Familia zile zilizaliwa na hasara isiyopimika, na haifai kuzigeuza kuwa kielelezo cha utawala bora wa vyuo. Vijana wale hawakuwa wanajaribu nadharia. Walikuwa wanaokoana. Lakini walimu tunaruhusiwa kujifunza, na mimi naona mafunzo matatu. La kwanza: mtu hushaurika na anayemjua kwa jina. La pili: swali huulizwa kabla ya kuanguka, na anayeuliza ndiye anayemfuata mwenzake. La tatu: wanafunzi wenyewe ni hazina ya ushauri, na chuo kinachowategemea walimu tu kinatumia nusu ya nguvu zake.

Fundisho la pili tunalikuta pia vijijini. Tangu mwaka 1995 Rwanda imekuwa na abajyanama b'ubuzima, washauri wa afya wanaochaguliwa na wanakijiji wenzao. Hawa huenda nyumba kwa nyumba. Humuuliza mama mjamzito kama amekwenda kliniki, na humpima mtoto kabla hajadhoofu. Hawakai ofisini kusubiri wagonjwa. Inashangaza kidogo kwamba kijiji kimeelewa jambo ambalo chuo kikuu bado kinalijadili.

Hoja za wanaopinga

Kuna hoja nne ambazo husikika kila suala hili linapoletwa kwenye kikao cha wafanyakazi. Zote zinastahili jibu.

Hoja ya kwanza: wanafunzi ni watu wazima, wajitegemee. Kinyarwanda kina neno la heshima kubwa kwa jambo hili, kwirwanaho, yaani kujipigania mwenyewe. Nakubali kwamba chuo kisiwadekeze vijana. Lakini mtu mzima hujitegemea katika mambo aliyoelezwa. Hata mhadhiri mwenye shahada zake huuliza jinsi ya kujaza fomu ya kodi. Kuuliza si ujinga, na kuonyeshwa njia si kubebwa mgongoni.

Hoja ya pili: hatuna muda. Hii ni hoja nzito na tuipige hesabu. Tuseme mhadhiri amepewa wanafunzi 60. Akikutana na kila mmoja kwa dakika 20, ni dakika 1,200, sawa na saa 20. Akifanya hivyo mara mbili kwa muhula ni saa 40. Ni kazi ya wiki nzima. Wiki hiyo haipo popote katika hesabu ya mzigo wa mhadhiri, wala haipo katika vigezo vya kupandishwa cheo, ambavyo huangalia machapisho kuliko kitu kingine. Kwa hiyo tusiwalaumu walimu peke yao. Chuo kinachosema kwamba ushauri ni muhimu huku kikiupa saa sifuri kimeshatoa jibu lake halisi. Nalo ni lile la mtaani: shauri yenu.

Hoja ya tatu: tukitenga saa, wanafunzi hawaji. Ni kweli, wengi hawaji. Lakini tujiulize wamezoea kuitwa ofisini kwa sababu gani. Tangu shule ya msingi, anayeitwa ofisini ana kosa. Isitoshe, heshima tuliyofundishwa nyumbani humkataza kijana kumwambia mkubwa "sikuelewa", kwa kuwa inaweza kusikika kama "hukufundisha vizuri". Methali tunazowafundisha nazo hazisaidii sana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: humo mkuu anasema na mdogo anasikia, basi. Kijana wa namna hiyo hatakuja kwa tangazo la ubaoni. Atakuja akiitwa kwa jina, mara ya kwanza kwa jambo lisilo la lawama.

Hoja ya nne husemwa kwa sauti ya chini: kukaa faragha na mwanafunzi kuna hatari. Mwezi Oktoba 2019 shirika la BBC lilitangaza uchunguzi wake kuhusu wahadhiri waliowataka kingono wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana, na mjadala ukaenea bara zima. Hatuna sababu ya kudhani kwamba kanda yetu ina malaika watupu. Ila tiba ya hatari hii si kuufuta ushauri. Tiba ni kuuweka hadharani: saa zinazojulikana, mlango wazi, mahali panapopitwa na watu, kumbukumbu iliyoandikwa, na haki ya mwanafunzi kuomba mshauri mwingine bila kutoa maelezo marefu. Ushauri unaofanyika kwa mazoea mbele ya wote humpunguzia mwovu nafasi. Ushauri wa kubahatisha, unaotegemea hisani ya mtu mmoja, ndio unaomwongezea.

Ugonjwa wa fomu

Ipo tiba moja ya uongo ambayo ningependa kuionya idara yetu mapema. Ni fomu.

Mwongozo wa ubora uliotolewa mwaka 2010 na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki uliutaja ushauri na msaada kwa wanafunzi miongoni mwa mambo ya kukaguliwa katika programu. Hilo ni jema. Lakini sote tunajua kinachoweza kutokea wakaguzi wanapokaribia. Kiongozi wa darasa hukusanya fomu 60, huzileta zikiwa zimejazwa, mhadhiri husaini zote kwa dakika 10, na jalada linanenepa. Katika karatasi, wanafunzi wote wameshauriwa. Katika maisha, hakuna aliyezungumza na yeyote.

Nchi yetu ina utamaduni wa imihigo, ahadi za utendaji ambazo viongozi wamekuwa wakiziweka hadharani tangu mwaka 2006, na kupima kazi kwa namna hiyo kumeleta nidhamu. Lakini kila kipimo kina wizi wake. Ukihesabu saini utapata saini. Ukitaka mazungumzo, hesabu kinachotokana na mazungumzo: ni wanafunzi wangapi wa mwaka wa kwanza walioshindwa moduli na wakairudia mapema? Ni wangapi walifika mwaka wa nne bila kushtukizwa na upungufu wa krediti? Majibu ya maswali haya yamo katika matokeo tuliyo nayo tayari. Hayahitaji fomu mpya.

Tuanzie wapi?

Sina mamlaka ya kubadili chuo kizima, na wasomaji wengi wa kijarida hiki hawana. Idara lakini inaweza kuanza. Napendekeza yafuatayo:

(a) Mazungumzo ya kwanza yafanyike katika wiki ya tatu ya muhula, kabla ya jaribio lolote, na yaanze na mwaka wa kwanza. Wakati huo hakuna aliyeanguka, kwa hiyo hakuna mshtakiwa.

(b) Maswali yabadilike. Badala ya "Kwa nini umeanguka?" tuulize: "Wiki yako unaigawaje?" "Ni moduli ipi unayoikwepa?" "Ulikuja kwenye Kiswahili kwa kuchagua au ulipangiwa?" Swali la mwisho lina uzito katika idara yetu. Aliyepangiwa somo asilolichagua anaweza kulipenda, lakini kwanza lazima mtu amruhusu aseme ukweli.

(c) Kila mazungumzo yaishe kwa mwanafunzi kukata shauri. Aandike mwenyewe, kwa sentensi mbili au tatu, atakachofanya na lini. Karatasi hiyo ndiyo itakayofunguliwa mara ya pili. Mshauri asimwandikie.

(d) Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wapewe vikundi vidogo vya mwaka wa kwanza. Wao ndio wanaojua ni kitabu kipi hakipatikani maktaba na ni moduli ipi humlemea mtu ghafla katikati ya muhula. Kazi hiyo itambuliwe katika moduli za mbinu za kufundisha, kwa kuwa ni mazoezi ya ualimu.

(e) Saa za ushauri ziandikwe katika ratiba na kuhesabiwa katika mzigo wa mhadhiri. Hili ni la kupigania kwenye vikao vya juu, na mkuu wa idara apewe hoja na takwimu zetu wenyewe.

(f) Suala la lugha. Najua wapo wenzangu watakaonuna. Tumejiwekea desturi njema kwamba ndani ya idara tunazungumza Kiswahili. Lakini ushauri si mtihani wa mazungumzo. Mwanafunzi anayeshindwa kwa sababu Kiswahili chake bado ni dhaifu hawezi kueleza udhaifu huo kwa Kiswahili. Tukimlazimisha, atatuambia "nimeelewa, mwalimu", kwa sababu hiyo ndiyo sentensi anayoimudu. Aruhusiwe kueleza tatizo kwa Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza, kisha mpango wa kulitatua tuuandike pamoja kwa Kiswahili. Kwa kufanya hivyo lugha yetu haipotezi kitu. Inapata msemaji ambaye tungempoteza.

Hitimisho

Kuna sababu moja inayolifanya jambo hili kuwa letu kuliko la idara nyingine. Sehemu kubwa ya wanafunzi wetu watakuwa walimu. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilibadili mpangilio wa masomo ya sekondari ya juu: michepuo mingi ya zamani, ukiwemo ule wa EKK uliotuletea wanafunzi wengi wa Kiswahili, ikaunganishwa katika mikondo mitatu, mmoja wao ukiwa wa Lugha. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka 15 huko Kayonza au Nyamasheke atasimama mbele ya mwalimu wake na kuuliza: nichague nini? Mwalimu huyo leo yuko darasani kwetu.

Atamjibu kwa namna aliyojibiwa. Nadharia ya ushauri tunaweza kumfundisha katika moduli, akaifanyia mtihani na kufaulu. Lakini akisimama mbele ya mtoto, kitakachomjia mdomoni ni kile alichosikia siku alipobisha hodi kwenye mlango wa mmoja wetu. Ama ni "shauri yako", ama ni "karibu, keti, tushauriane". Wiki ya tatu ya muhula ujao haiko mbali, na orodha ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza inapatikana ofisini kwa katibu wa idara.